Polisi Wawili, Fomu Moja: Mwongozo wa Kutunga Filamu ya Mapigano Mjini Bukavu

Kama unakusudia kuandika filamu ya polisi wawili wasiopatana, kila mmoja na nchi yake, na mji uliouchagua ni Bukavu, weka kando kwanza utani wa makabila na lafudhi. Karibu kila anayeanza huanzia hapo: huyu hali chakula fulani, yule haelewi lugha, huyu anasali kabla ya kupiga, yule anapiga kwanza na kuuliza baadaye. Mwongozo huu unashikilia kwamba filamu ya aina hii haiendeshwi na tofauti za tabia. Inaendeshwa na mamlaka yaliyogawanyika: mmoja ana haki ya kukamata lakini hana njia ya kufika, mwenzake ana njia ya kufika lakini hana haki ya kumgusa mtu. Ukishawagawia hivyo hawawezi kuachana hata wakichukiana, na kule kushindwa kuachana ndiko kunakozaa kicheko, ugomvi na hatimaye usuhuba. Ukianza na tabia utapata robo saa ya vichekesho, kisha utabaki unatafuta magari ya kulipua ili mtazamaji asisinzie.

Zitazame upya zile zilizofaulu. Katika Red Heat ya Walter Hill, iliyotoka mwaka 1988, Arnold Schwarzenegger anacheza Ivan Danko, polisi wa Kisovieti anayetumwa Chicago kumrudisha muuza dawa za kulevya. Watu wanaukumbuka mwili wake na uso usiojua kutabasamu. Lakini hadithi inakaza pale polisi wa Chicago wanapomnyang'anya bastola kwa sababu hana kibali cha kuibeba Marekani. Kuanzia hapo yule pandikizi la mtu anamhitaji Art Ridzik, mpelelezi mropokaji anayechezwa na James Belushi, kwa kuwa beji iko mfukoni mwa Ridzik. Rush Hour ya mwaka 1998 inafanya vivyo hivyo kwa njia nyingine. Inspekta Lee, yaani Jackie Chan, anaitwa kutoka Hong Kong na konseli ambaye binti yake ametekwa Los Angeles. FBI haimtaki, inatafuta mtu wa kumzungusha mjini, na kazi hiyo anatupiwa James Carter wa Chris Tucker ambaye idara yake nayo imeshamchoka. Wote wawili wamefungiwa nje ya kesi, na hilo ndilo linalowaunganisha kabla ya ngumi wala wimbo wowote. Na katika tamthilia ya Bron ya mwaka 2011 maiti inalazwa katikati ya daraja la Øresund, juu ya mstari wenyewe wa mpaka wa Sweden na Denmark, hata kesi isiweze kuanza bila polisi wa pande zote mbili. Mwandishi alimaliza nusu ya kazi yake kwa kuchagua mahali pa kuilaza maiti.

Utapingwa hapa. Utaambiwa kwamba watu walienda kuitazama Rush Hour kwa ajili ya vituko vya lugha, na kwamba habari za vibali na mipaka ya kazi ni za mawakili. Pingamizi hili lina nguvu kwa mtazamaji wa Marekani. Kwetu linaanguka, na ushahidi uko katika vibanda vya video vya Afrika Mashariki. Tanzania ilikuwa na Lufufu, Kenya ina DJ Afro: watu waliojipatia jina kwa kuzisimulia filamu za nje kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji wenyewe. Katika simulizi la namna hiyo Mchina, Mmarekani na Mrusi wote wanazungumza Kiswahili kimoja, tena cha mtaani. Utani wa lugha umekufa wote. Na bado watu wamejaa kwenye mabenchi na wanamshangilia stelingi, kwa sababu kinachoeleweka bila tafsiri ni nani amezuiwa kufanya nini na atapitia wapi. Kama injini ya filamu ingekuwa lafudhi, biashara ile isingedumu hata wiki.

Mfano unaotukaribia zaidi unatoka Korea. Confidential Assignment, filamu ya mwaka 2017 iliyoongozwa na Kim Sung-hoon, inamkutanisha mpelelezi wa Kaskazini na wa Kusini, watu wa lugha moja na nchi ambazo vita vyao vilisimamishwa mwaka 1953 bila mkataba wa amani kutiwa saini hadi leo. Hakuna nafasi ya kucheka kwamba mmoja haelewi maneno ya mwenzake. Mwandishi alifanya nini? Alimpa kila mmoja amri ya siri. Wa Kaskazini anatafuta vibati vya kuchapia dola bandia bila kusema anatafuta nini, wa Kusini ametumwa amchunge mgeni wake huku akijifanya anamsaidia, na mgeni huyo anaishia kulala nyumbani kwa mchungaji wake, pamoja na mke, mtoto na shemeji. Zaidi ya watu milioni 7 waliinunulia tiketi katika sinema za Korea Kusini. Iweke filamu hiyo mezani unapoandika, kwa maana Bukavu inafanana na Seoul kwa jambo hili moja: jirani tunayegombana naye tunamwelewa vizuri mno.

Ndiyo maana wazo litakalokujia kwanza, polisi Mkongomani na polisi Mnyarwanda wanaokutana juu ya daraja la Ruzizi, linahitaji kupimwa kwa makini. Kimaumbile limekamilika. Mto unatoka ziwani pale pale mjini, ng'ambo ni Rusizi na Kamembe, na tangu jumuiya ya kiuchumi ya CEPGL ianzishwe mwaka 1976 wachuuzi wamekuwa wakivuka asubuhi na kurudi jioni. Polisi hana ruhusa hiyo ya mchuuzi. Akimwona mshukiwa wake amesimama ukingo wa pili, karibu kiasi cha kuitana kwa sauti, haruhusiwi kumfuata. Ombi lake linapaswa kupanda hadi Kinshasa, kilomita kama 1,500 kwa mstari ulionyooka, ambako ndiko iliko ofisi ya taifa ya Interpol, lipite Kigali, kisha literemke hadi kwa mwenzake ambaye angeweza kumpungia mkono. Hapo pana onyesho zuri la filamu bila kurusha ngumi hata moja: karatasi inasafiri juu ya bara zima huku mshukiwa akimaliza chupa yake ya Primus.

Lakini Februari 2025 Bukavu iliingia mikononi mwa waasi wa M23, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameeleza katika ripoti zao jinsi jeshi la Rwanda lilivyolisaidia kundi hilo, jambo ambalo Kigali inalikana. Kuwaomba watazamaji wa mji huu wamcheke na kumpenda polisi wa ng'ambo kwa saa moja na nusu, wakati baadhi yao hawajajua jamaa zao wako wapi, ni kuwaomba zaidi ya wanachoweza kutoa. Wapo watakaosema sanaa ndiyo inayopaswa kutangulia mahali siasa imeshindwa, na wataitaja hiyo hiyo filamu ya Korea. Tofauti ni kwamba Korea ilikuwa na miaka zaidi ya 60 bila vita kamili, na Seoul haikuwa chini ya mtutu filamu ilipotengenezwa. Wazo la Ruzizi lihifadhi kwenye droo. Siku yake itafika, na utakapolitoa litakuwa bado ni zuri.

Ila usihame mji. Bukavu imewahi kuwa na polisi wawili wa nchi mbili wanaofanya kazi pamoja, si kwenye skrini bali barabarani, kwa miaka mingi. Ni polisi wa Kongo, PNC, na polisi wa Umoja wa Mataifa, UNPOL, waliokuwa ndani ya misheni ya MONUC na baada ya 2010 ndani ya MONUSCO. Walitoka nchi nyingi, Senegal ikiwa mojawapo, na kazi yao ilikuwa kushauri, kufundisha na kusindikiza doria. Kosovo na Timor Mashariki mwaka 1999 Umoja wa Mataifa ulipewa mamlaka ya kuwa polisi wenyewe, wakamate na kuweka watu ndani. Kongo haukupewa. Sasa hesabu: UNPOL ana gari jeupe lenye mafuta, redio inayofanya kazi, taa za kuchunguzia usiku, na hana haki ya kumfunga pingu hata mwizi wa kuku. OPJ wa Kadutu, yaani afisa wa polisi wa mahakama, ana haki ya kukamata kisheria, ana muhuri, ana watoa habari kila kona, na anaenda kwenye tukio kwa pikipiki ya kulipia. Hakuna mwandishi wa Hollywood aliyewahi kupewa mgawanyo safi kama huu bila kuutunga.

Ingia ndani ya gari hilo uone litakavyokufaa. Mtu asiye mfanyakazi wa misheni hakupanda gari la Umoja wa Mataifa hivi hivi. Ilitakiwa idhini ya safari na karatasi aliyotia saini kwamba likimpata la kumpata hataidai misheni fidia. Dereva naye alipitisha kadi kwenye kifaa kidogo cha dashibodi kinachorekodi nani ameendesha, kwenda wapi, kwa mwendo gani. Kwa hiyo onyesho lako la kwanza la pamoja liwe hili: mshukiwa anatimua mbio kuteremka kuelekea Nyawera, OPJ amekwisha kufungua mlango wa gari, na mwanamke wa Dakar aliyeshika usukani, na aliyeonywa mara moja tayari kwa kwenda kasi, anamnyooshea fomu na kalamu. OPJ anaitia saini juu ya boneti bila kuisoma. Baadaye katikati ya filamu, fomu ile ile iwe na maana nyingine, siku ambayo yeye atalala hospitalini na hakuna atakayemlipia. Ukianza na karatasi ya namna hiyo, kila kichekesho kina deni ambalo hadithi italilipa.

Filamu hii inajileta pia na saa yake. Baraza la Usalama lilikubali kuondoka kwa MONUSCO hatua kwa hatua kupitia azimio 2717 la Desemba 2023. Kituo cha Kamanyola kilikabidhiwa kwa PNC tarehe 28 Februari 2024, kikiwa cha kwanza, na mwisho wa Juni mwaka huo misheni ikawa imeondoka Kivu Kusini. Weka hadithi yako katika majuma ya mwisho ya Juni. Kila siku inayopita UNPOL wako anapoteza kitu: leo redio inarudishwa, kesho ofisi inafungwa, keshokutwa anatakiwa kukabidhi funguo za gari. Mamlaka ya yule mgeni yanayeyuka mbele ya macho huku kesi ikizidi kuwa nzito, na OPJ, aliyelalamika filamu nzima kwamba mgeni ana kila kitu, anaanza kubeba vitu yeye. Zaidi ya hapo katiba ya Kongo ya mwaka 2006, kifungu cha 18, inakataza mtu kushikiliwa na polisi zaidi ya saa 48 bila kufikishwa kwa mwenye mamlaka ya mahakama. Ukimweka mshukiwa kasho Ijumaa jioni, umepata saa ya pili ndani ya ile ya kwanza.

Pingamizi zito ni lile la chuki. MONUSCO haikupendwa. Julai 2022 maandamano dhidi yake yalisambaa Goma, Butembo na Uvira, raia waliuawa na walinda amani pia, na Agosti 2023 jeshi la Kongo lenyewe liliwaua makumi ya watu mjini Goma waliokuwa wakijiandaa kuandamana dhidi ya misheni hiyo. Nani atampenda polisi mwenye kofia ya buluu? Jibu ni kwamba hutakiwi kumwombea apendwe. Chuki hiyo mpe OPJ aiseme, tena kwa maneno makali kuliko utakavyopenda, na usimpe mgeni jibu la kumshinda. Yule mwanamke ajue takwimu zote za misheni na asiwe na la kusema anapoulizwa mlikuwa wapi siku ile. Filamu itakayomtetea itanuka tangazo, na watu wa Bukavu wameshaona matangazo ya kutosha ya mashirika. Apate heshima kwa kitu kimoja tu anachokifanya kinyume cha kanuni zake na kinachomgharimu, na kigharimu kweli: kazi, si karipio.

Kwa upande wa pili usimsafishe OPJ. Polisi anajulikana mjini kwa usumbufu barabarani, na mtazamaji aliyeachia noti asubuhi kwenye mzunguko hatakubali jioni kuambiwa kwamba shefu ni malaika. Viva Riva! ya Djo Tunda wa Munga, iliyotoka mwaka 2010, ilipita mtihani huu bila kusitasita: Waangola wanaingia Kinshasa kutafuta petroli yao iliyoibwa, na afisa mwanamke mwenye sare anayelazimishwa kushirikiana nao si mwema wala si shetani, ni mtu aliyebanwa. Hata pale, ukiangalia vizuri, wageni wana pesa na nguvu, mwenyeji ana sare, na kila upande unauhitaji mwingine. Mwonyeshe OPJ wako akipokea pesa mara moja, waziwazi, kabla dakika ya kumi haijapita, na uonyeshe pia mshahara ambao haujafika. Mtazamaji atakuwa upande wake kwa sababu ya ugumu wa hali, hata kama hamwamini.

Sasa mapigano yenyewe. Mji umejengwa juu ya milima inayoteremka ziwani kwa rasi zake tano, na msongamano wa Feu Rouge na Essence unaua mbio za magari kabla hazijaanza. Ukizipiga huko, watazamaji watacheka mahali usipotaka. Mbio za miguu ndizo zenye utajiri. Kadutu ina vijia na ngazi za udongo ambapo anayejua njia humpita anayejua kukimbia, na hapo ndipo mgeni mwenye mazoezi ya chuo atashindwa na OPJ mwenye kitambi. Ukitaka magari, toka mjini uelekee Kamanyola. Barabara ya Ngomo inapinda juu ya magenge, na kwa miaka mingi wasafiri wa Uvira walipenda kuzunguka kupitia Bugarama, upande wa Rwanda, kwenye lami. Mshukiwa mwenye karatasi zake anapita Bugarama kwa raha. Polisi wako hawawezi kuvuka, wanabaki na Ngomo, matope na malori. Hao ni watu wanaofukuzana bila kuonana, katika nchi mbili, wakielekea mahali pamoja. Mpigapicha mzuri atakushukuru.

Bunduki zipunguze hadi karibu zisiwepo. Watu wa hapa wanajua mlio wa silaha, wanatofautisha ya mbali na ya karibu, na mtu anayefyatua risasi 40 bila kubadilisha magazini watamtupilia mbali. Afisa wa UNPOL anayefanya kazi ya ushauri kwa kawaida hakubeba silaha, jambo linalokusaidia. Na kuna sababu iliyo juu ya sanaa: usikimbize waigizaji mtaani na bunduki za mbao au sare za polisi bila idhini ya maandishi na bila wakaaji wa mtaa kuarifiwa. Atakayewaona kwa mbali hataona kamera. Picha zote zenye silaha zipige ndani ya ua, na mlio uuweke wakati wa kuhariri sauti.

Nembo ya Umoja wa Mataifa nayo si mali ya kila mtu. Matumizi yake yanalindwa na azimio la Baraza Kuu la mwaka 1946, kwa hiyo omba ruhusa au lipige picha gari jeupe kwa namna ambayo herufi hazionekani: mlango unaofungwa, kioo cha pembeni, antena. Kama hali haikuruhusu kupiga picha Bukavu kwenyewe, usione haya kuazima mji mwingine. Sehemu kubwa ya Moscow katika Red Heat ni Budapest. Bujumbura ina ziwa, vilima vya nyuma na magari yanayoendeshwa upande ule ule wa barabara kama Kongo. Kigoma ina ziwa lakini usukani uko kulia, na mtazamaji makini atakunasa. Faida ya Kigoma ni watu: kambi ya Nyarugusu, katika mkoa huo, ina wakimbizi wengi wa Kivu Kusini, na sauti unazozihitaji utazipata huko bila kumfundisha mtu lafudhi. Ukiikamilisha filamu na unataka kuionyesha Kongo, kumbuka kwamba tume ya kudhibiti nyimbo na maonyesho ipo tangu mwaka 1996 na bado inafanya kazi.

Lugha nimeiacha nyuma kwa makusudi, kwa kuwa ni pambo lenye thamani baada ya nyumba kusimama. Polisi wako watazungumza Kifaransa wakiwa peke yao, Kifaransa cha Dakar na cha Bukavu, kila mmoja akijiona ndiye anayekisema sawasawa. Watu wa mtaani wataongea Kiswahili cha Bukavu, na OPJ atamtafsiria mgeni anachotaka yeye, akiacha kile kinachomhusu. Hapo lugha inakuwa mamlaka, kwa hiyo ina nafasi katika filamu. Mama muuza sambaza aseme sentensi ndefu ya dakika nzima, na OPJ aitafsiri kwa maneno matatu. Kisha siku moja, mwishoni mwa Juni, yule mwanamke ajibu mwenyewe kwa Kiswahili kabla hajatafsiriwa, na OPJ ajue kwamba amekuwa akisikia muda wote.

Kabla ya kuandika ukurasa wa kwanza wa mazungumzo, chora safu mbili katika daftari: kila alicho nacho mmoja na mwenzake hana, kutoka haki ya kukamata hadi lita za mafuta. Kisha mtafute wakili wa Bukavu na mtu aliyewahi kuwa OPJ, wasomee orodha hiyo, uwaombe wakukosoe, na uwalipe kwa muda wao.